Niandikie Kama ya Mdogo Wangu

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Fanueli alitoka nje akatazama bati la mdogo wake.

Si kwamba alipenda kulitazama. Lilikuwa pale tu, juu ya kilima, na jua likichomoza lilianza kumeremeta. Nyumba nyingine za kilimani zilikuwa za nyasi. Ya Tumainieli peke yake ilikuwa ya bati. Lori likitoka Same, abiria waliliona bati hilo kabla hawajaiona Maore yenyewe. Fanueli aliliangalia, akasonya, ndipo akaenda kunawa.

Enzi hizo nchi ilikuwa chini ya Mwingereza. Fanueli na Tumainieli walizaliwa Gonja, juu milimani, baba mmoja mama mmoja. Walishuka Maore pamoja kulima mpunga. Fanueli ndiye mkubwa. Ndiye aliyembeba Tumainieli mgongoni, ndiye aliyemfundisha kushika jembe. Lakini mpunga wa Tumainieli ulikubali mapema, akajenga kwanza. Tangu hapo ni kama watu walilisahau jina la Fanueli. Wakimwona njiani walisema, yule pale ni kaka yake Tumainieli. Maneno hayo yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Na Tumainieli hakuringa hata kidogo. Akikutana na kaka yake alivua kofia, akasema shikamoo kwa adabu zote. Fanueli alijibu marahaba kwa sauti ya mtu anayeumwa jino. Laiti mdogo wake angeringa, angalau angepata la kumsema. Sasa unamsema nini mtu mwenye adabu? Wivu ukabaki ndani, ukamla taratibu.

Mwaka mmoja mavuno yakawa mazuri, na Fanueli akaamua kujenga. Nyumba ya Tumainieli ilikuwa na vyumba vitatu, basi yake iwe na vinne. Tena ikae mahali wazi, kila apitaye barabarani aione. Akachagua uwanja wa chini, karibu na Mto Hingilili. Ulikuwa tambarare kama mkeka. Huko alikokulia yeye hata kuku hutembea ameinama, na mtu wa mlimani akiona tambarare akili humruka.

Ernesta, mkewe, aliuzunguka uwanja ule mara mbili. Kisha akauliza kwa nini wenyeji wa Maore wameacha mahali pazuri hivyo pakae patupu, bila hata kibanda. Fanueli alimwambia wenyeji ni wavivu.

Alipochimba msingi, jembe liligonga kokoto laini za mviringo, nyingi ajabu. Akafurahi kwa kuwa amepata kokoto za bure. Kwenye migunga ya pembeni, usawa wa kifua chake, nyasi kavu zilikuwa zimenasa matawini mafungu mafungu. Akasema ni viota vya ndege. Ernesta alitazama mto, akasema unamtia wasiwasi.

Hapo Fanueli alicheka kweli. Huko Gonja ndugu zao walikuwa na ndiva, yaani mabwawa yanayokusanya maji ya mifereji ya kumwagilia mashamba. Kila ndiva ina mlinzi. Jioni anaifunga ijae, asubuhi anaifungua, na kila ukoo unapata maji kwa zamu yake.

"Maji ya kwetu yana zamu, Mama Priska," alisema. "Hayashuki mpaka yafunguliwe. Na mlinzi wa ndiva ni mjomba wangu."

Basi nyumba ikasimama. Kuta zilikuwa za tofali za udongo zilizokaushwa juani, juu bati jipya, mbele baraza pana. Kwa mwezi mzima Fanueli hakutazama kilimani. Alikunywa uji barazani, akahesabu malori yaliyopita, akasubiri mtu aseme, hapa ni kwa Fanueli. Wawili watatu walisema, na uji ukawa mtamu.

Utamu huo uliisha Jumapili moja. Walitoka kanisani, wakaalikwa makande kwa Tumainieli. Fanueli aliingia, akaketi, akainua macho. Ukutani palikuwa na karatasi ndani ya fremu ya kioo. Ilikuwa na maandishi ya mashine na muhuri mwekundu.

Alijikaza asiulize, lakini hakuweza. Tumainieli akamweleza kwamba ile ni bima. Kila mwaka analipa kitu kidogo kwa kampuni moja ya Tanga. Nyumba ikiungua, kampuni inamlipa ajenge upya. Akasema majirani zake wote wameezeka nyasi, na kila kiangazi watu huchoma malisho chini ya kilima. Bati lake haliwaki, lakini milango, madirisha na boriti zinawaka. Cheche moja ikija na upepo, amekwisha.

Sababu zote hizo zilipita nje ya masikio ya Fanueli. Yeye aliona muhuri. Akala makande bila kujua yana chumvi au hayana.

Mtu wa bima aliitwa Hezroni, kijana wa Usangi, mpole, mwenye mkoba wa ngozi uliochanika mshono. Alifika Maore kwa lori mara moja kila mwezi. Siku yake ilipofika, Fanueli alikuwa stendi tangu asubuhi. Hezroni akamuuliza nyumba iko wapi, imejengwa kwa nini, imezungukwa na nini. Aliposikia habari ya uwanja wa chini, akaweka kalamu mezani.

"Mzee, kuna bima ya moto peke yake, na kuna ya moto pamoja na mafuriko. Ni vitu viwili. Ukiwa na ya moto tu, maji yakikuharibia hupati chochote. Wewe uko karibu na mto. Kampuni ingetaka kwanza kujua maji yamewahi kufika wapi."

"Mdogo wangu umemwandikia ipi?" Fanueli akauliza.

"Ya moto. Lakini yeye yuko kilimani."

"Niandikie kama ya mdogo wangu. Herufi kwa herufi."

Hezroni alimsihi aisome karatasi kabla ya kutia sahihi. Fanueli alijua kusoma vizuri, alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne. Akasoma jina lake tu, akaona limeandikwa sawasawa, akatia sahihi. Fremu aliyoagiza kwa seremala ilikuwa kubwa kuliko ya Tumainieli kwa vidole vinne. Aliitundika mkabala na mlango.

Mafuriko yalikuja mchana kweupe, jua likiwaka.

Hilo ndilo lililowachanganya watu. Maore mvua haikunyesha hata tone. Ernesta alikuwa ameanika mpunga uani. Tangu alfajiri wingu jeusi lilikuwa limekaa juu ya milima, lakini wingu la mlimani nani analijali akiwa bondeni? Karibu na saa nane Ernesta alisikia mngurumo. Akadhani ni lori. Kisha akaona kwamba mto umebadilika rangi, umekuwa kama uji wa ulezi, na umebeba migomba mizima.

Akamshika mtoto wao Priska mkono, akamwita mumewe, wakakimbia kuelekea kilimani. Fanueli alirudi mara moja kutaka kuokoa magunia. Maji yakamfika magotini, kisha mapajani, akaacha. Kutoka juu waliyaona maji yakiuzunguka uwanja wote, yakipita katikati ya migunga, usawa uleule wa viota vya ndege. Ukuta wa nyuma ulilowa, ukavimba, ukalala chini taratibu. Jiko likafuata. Bati lilibaki limeinama upande mmoja kama kofia ya mlevi.

Hakuna aliyekufa. Tumainieli alikuwa wa kwanza kuja mbio na blanketi. Dorkas, mkewe, alikwisha weka maji ya chai jikoni. Usiku huo Fanueli, Ernesta na Priska walilala kwa Tumainieli, chini ya bati lile lile.

Miaka saba alilitazama bati hilo kwa nje. Sasa alilala chali akalitazama kwa ndani, misumari yake, boriti zake zilizonyooka, na hakuna mahali palipovuja. Roho ilimuuma kuliko siku zote. Angefurahi, Mungu amsamehe, kama lingevuja hata tone moja.

Asubuhi alikwenda kwenye matope kutafuta fremu. Aliiona imenasa mlangoni, kioo kimepasuka, karatasi imelowa lakini inasomeka. Akaifuta kwa shati. Moyo ukapata nguvu, maana aliamini kampuni itamjengea upya, tena vizuri zaidi.

Hezroni alipokuja mwezi ule, Fanueli alimpa karatasi mbele ya watu stendi. Hezroni aliisoma mpaka mwisho, kisha akamrudishia, akamwomba asome mwenyewe mstari wa sita. Fanueli akasoma kwa sauti. Ulisema kampuni italipa hasara itokanayo na moto na radi. Akasoma tena, akatafuta neno maji. Halikuwapo.

"Lakini ni kama ya mdogo wangu," alisema.

"Ndiyo, mzee. Ni kama ya mdogo wako. Hatari ndiyo si kama ya mdogo wako."

Watu waliinamisha macho. Fanueli alikunja karatasi ikawa ndogo, akaitia mfukoni, akaondoka bila kuaga.

Siku tatu alishinda kwenye matope akiokota misumari. Siku ya nne majirani walifika na majembe. Kwa Wapare mtu akiangukiwa na nyumba huitwa msaragambo, kazi ya pamoja, kila nyumba inatoa mikono. Walizoa matope, wakafyatua tofali. Katika kundi hilo alikuwapo Athumani, nyapara wa barabara, mtu wa maneno machache aliyekuwa akilitunza daraja la mto kwa miaka mingi. Alipoona Fanueli anaanza kupima msingi palepale, aliweka jembe begani, akamwomba wafike darajani mara moja.

Kwenye nguzo ya daraja Athumani alikuwa amepaka mistari mitatu ya rangi nyeupe. Mmoja alipaka mwaka ule ule. Mwingine ulikuwa na miaka kumi na miwili. Wa tatu, wa juu kuliko yote, ulikuwa na miaka kumi na tisa, na ulimfika Fanueli kifuani. Athumani akamwonyesha kwa mkono: uvute mstari huo wa juu mpaka kwenye uwanja wako, unapita madirishani.

Wakarudi uwanjani. Athumani aliokota kokoto moja ya mviringo, akaiweka kiganjani mwa Fanueli.

"Jiwe halizaliwi laini hivi. Limesuguliwa na maji. Mahali ulipochimba ni njia ya mto ya zamani. Mto umehama, lakini ukijaa unarudi."

"Na zile nyasi mitini?"

"Ziliachwa na maji. Wewe uliona nini?"

Fanueli akakimbilia swali jingine. Aliuliza kuhusu ndiva, mbona mjomba hakufunga. Athumani akamweleza kwa upole kwamba ndiva hushika maji ya mfereji tu. Mvua kubwa ikipiga milima yote, kila korongo linashusha maji yake, na hakuna mtu anayeyafunga. Ndiyo maana Maore kunaweza kuwa na jua na bado mafuriko yakaja. Akasema mtu wa bondeni aangalie mlima, asiangalie anga la kichwani kwake. Kukiwa na wingu zito huko juu na mto ukabadilika rangi, asisubiri, aondoe watu kwanza.

"Mbona hukuniambia nilipokuwa najenga?"

"Nilikuja. Ukaniambia wenyeji ni wavivu."

Fanueli aliitia ile kokoto mfukoni. Mwishowe akauliza ajenge wapi. Athumani alinyoosha kidole. Juu ya mstari wa tatu, panapofaa kujengwa, palikuwa na sehemu moja tu karibu. Ilikuwa mpakani mwa shamba la Tumainieli, chini kidogo ya ile nyumba ya bati, na nusu yake ilikuwa mali ya Tumainieli.

Ernesta anasema mumewe alikonda wiki ile. Afadhali kuomba kwa mgeni wa Hedaru kuliko kuomba kwa mdogo wako ambaye huyapendi mafanikio yake. Kuishi chini ya bati lile, kulitazama kila siku kwa karibu, kuitwa kaka yake Tumainieli mpaka kufa. Lakini Priska alikuwa anaamka kila akisikia lori, akidhani ni mto. Asubuhi moja alijificha chini ya kitanda cha Dorkas, akakataa kutoka. Fanueli alipiga magoti, akamtoa, akatoka naye mkononi, akaenda moja kwa moja kwa mdogo wake. Hakuzunguka maneno. Alimwambia anaomba kipande cha ardhi.

Tumainieli alikubali kabla hajamaliza kusema. Na hilo nalo lilimuuma, lakini alisema ahsante, na alipoisema aliona haikumuua.

Msaragambo ukahamia juu. Safari hii Fanueli alijenga kwa akili za Athumani. Walivuta kamba kutoka mstari wa juu wa daraja, kisha wakainua msingi wa mawe ukapita usawa huo kwa shibiri mbili. Kiwanja kilikuwa kidogo, vyumba vikawa vitatu. Jiko na ghala havikupata nafasi, vikabaki upande wa chini, kwenye mteremko. Uwanja wa zamani ukageuzwa shamba la mpunga, na mpunga ukaupenda.

Hezroni alipofika, Fanueli alimkaribisha chai na hakutaja jina la mdogo wake. Aliuliza maswali mpaka chai ikapoa. Hezroni alimweleza bima kwa mfano wa kwao. Msaragambo hutoa mikono, lakini hautoi bati wala saruji, na mafuriko yakipiga kijiji kizima, mikono yote ina kazi kwake. Bima ni watu wengi wa mbali wanaochanga kidogo kila mwaka, na anayepatwa ndiye anayesaidiwa. Usipopatwa mwaka huo, hela hairudi, imemsaidia mwingine.

Akamwambia na mengine. Kule chini kampuni ingekataa kumwandikia mafuriko, na kukataliwa na kampuni ni habari ya kusikilizwa. Huku juu itakubali, kwa kuwa kuna vipimo vya Athumani. Jiko na ghala lazima vitajwe kwa majina, la sivyo havimo. Bima ya mafuriko ya kampuni yake haianzi siku ya kulipa, huanza baada ya siku thelathini, kwa hiyo anayengoja wingu ndipo akimbilie wakala amechelewa. Na karatasi isikae ndani ya nyumba inayoweza kufikiwa na maji.

Fanueli alisoma kila mstari kwa kidole. Alimrudisha Hezroni nyuma mara mbili, mara ya pili kwa sababu neno ghala halikuandikwa. Liliandikwa, ndipo akatia sahihi. Hakwenda kwa seremala. Aliitia karatasi kwenye kopo la biskuti, akampelekea Tumainieli amtunzie, kule juu, chini ya bati lisilovuja.

Masika ya mwaka wa pili wingu lilikaa mlimani siku mbili. Asubuhi ya tatu Ernesta aliona mto umebadilika rangi. Hawakukimbia, walitembea, na magunia yalikuwa yamekwisha pandishwa tangu jana yake. Maji yalipita mstari wa tatu. Yalilamba msingi wa mawe, yakabaki shibiri moja chini ya mlango, yakashuka. Nyumba haikulowa ndani. Ghala na ukuta mmoja wa jiko vilikwenda na mto.

Athumani alipaka mstari wa nne. Hezroni alikuja na mkaguzi, wakapima, wakaandika. Baada ya wiki sita fedha zikafika kwa njia ya posta ya Same. Fanueli akajenga ghala jipya juu ya nguzo za mawe.

Siku walipoezeka ghala, Hezroni alikuwapo. Tumainieli alikuwa akikabidhi misumari. Alimtazama kaka yake juu ya paa, akatazama ghala, akatazama lile kopo la biskuti alilolileta chini ya kwapa. Kisha akamgeukia Hezroni.

"Mwaka huu na mimi niandikie kama ya kaka," alisema. "Herufi kwa herufi."

Nyundo ya Fanueli ilisimama hewani. Aliyangoja maneno hayo miaka tisa. Aliyaota. Alitaka yasemwe tena, polepole, stendi, watu wote wa Maore wasikie. Ernesta, aliyekuwa chini na ndoo ya maji, aliona uso wa mumewe uking'aa, akajua kinachopita moyoni mwake. Angenyamaza tu, angekuwa mkubwa siku hiyo.

Fanueli aliteremka ngazi. Akaweka nyundo chini.

"Usimwandikie," alimwambia Hezroni. Kisha akamgeukia mdogo wake. "Maji hayatafika kwako, Tumaini. Yakifika kwako, Maore nzima itakuwa imekwisha. Hatari yako ni moto. Lakini lile korongo nyuma ya nyumba yako limepanuka tangu ulipokata miti. Njoo kwanza tumwite Athumani alitazame. Akishasema, ndipo uandikiwe unachohitaji wewe."

Tumainieli alilibana kopo kwapani, kama mtu aliyenyimwa kitu. Akaonekana kuumia. Fanueli aliujua uso huo vizuri, alikuwa nao mwenyewe miaka yote. Kumbe mdogo wake naye aliweza kumwonea wivu. Alimshika bega, wakapanda kilima pamoja kwenda kuliangalia korongo.